Puto Kwenye Mshipa wa Kinyozi

Kinyozi alikuwa mtu wa maneno. Mteja alitoka kwenye kiti chake na nywele pungufu na habari za ziada. Basi siku kifua kilipombana katikati ya kunyoa, akakatika kauli ghafla, mteja ndiye aliyepiga ukelele: "Jamani, huyu anakufa! Amenyamaza!"

Hospitali walimpitishia mrija mwembamba kwenye kifundo cha mkono hadi moyoni, wakatazama kwenye kioo cha mashine. Daktari, mama mpole, akamwonyesha: mshipa mmoja unaolisha moyo ulikuwa umetuna kama puto.

"Tutaweka kibomba cha waya kilichovikwa kitambaa, damu ipite humo, uvimbe ukose cha kuujaza. Rudi baada ya wiki mbili. Kwa sasa meza hizi dawa, usinyanyue vitu vizito."

Mkewe alisikia neno moja tu: puto.

Nyumbani ikapigwa marufuku kumshtua. Milango ikafungwa taratibu, watoto wakawa wananyata. Mama mkwe, ambaye miaka yote alimwita "huyo wako", sasa alimwita "mwanangu" na kumpoozea chai. Kinyozi akanogewa. Akitaka mto, alishika kifua. Akiulizwa soksi zake zinafanya nini mezani, alishika kifua.

Siku ya kurudi hospitali ilipofika, akakohoa. "Mke wangu, haraka haraka haina baraka."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo. Vaa viatu."

Kinyozi alikuwa macho muda wote wa kuwekewa kibomba, akimsimulia nesi habari za mtaa mzima, hadi daktari akamsihi, "Baba, nyamaza kidogo, picha inatikisika." Akanyamaza. Kibomba kikakaa mahali pake, na ule uvimbe ukafifia kwenye kioo. Machozi yakamtoka. Kumbe siku zote zile alikuwa akiogopa.

Wodini, mkewe akauliza, "Daktari, sasa anaweza kushtuliwa?"

"Kidogo kidogo."

Akavuta kiti, akamshika mkono mumewe. "Pole, baba watoto. Kaka yako aliligonga gari lako kwenye nguzo wiki iliyopita. Paa la kinyozini linavuja. Na mama amependa sana kukuuguza, kwa hiyo amehamia kwetu moja kwa moja."

Kinyozi akamgeukia daktari.

"Mama, hebu angalia tena vizuri. Huenda upo uvimbe mwingine."