Gunia la Mahindi Nyumbani kwa Simel

"Mama Ndunge, kwani pesa yako haina miguu?"

Seleyian aliniuliza hivyo mwaka wa tisini na nane, amesimama mlangoni pangu hapa Kitengela, mdomo umepasuka. Alikuwa amekuja kuomba chumvi. Bwana yake, Simel, aliuza ekari tano mwezi wa kwanza, na Pasaka ilipofika pesa yote ilikuwa imeishia kwa pombe na nyama choma. Siku hiyo alikuta sufuria haina nyama, akampiga rungu ya mdomo.

"Wewe ni mjane, unafua overoli za watu wa viwanda," akasema, "na sijawahi kukuona ukikopa unga. Mimi niko na bwana na shamba, na nalala njaa."

Nilimwosha damu nikimwambia vile nimefanya tangu Mungu amchukue baba Ndunge. Pesa ikiingia kwangu, haifiki jioni ikiwa bado ni pesa. Natoa fungu la kumi, kisha naenda sokoni moja kwa moja: mahindi ya mwezi mzima, maharagwe, mafuta ya taa, chumvi, sabuni. Inayobaki ni karo. Ikibaki tena, ndiyo nyama. Anayeanza na nyama humaliza na chumvi ya jirani.

Akacheka, halafu akashika mdomo. "Yeyo, mama yangu, usinichekeshe, mdomo unauma."

"Ng'ombe wako wangapi wanakamwa?"

"Watatu."

"Na maziwa ni ya nani?"

Jibu kila mtu huku analijua. Kwa Wamaasai ng'ombe ni wa mzee, lakini maziwa ni ya mama. Hata Simel, na ukali wake wote, hangeweza kuinua kibuyu na kuuliza maziwa yameenda wapi. Angechekwa na wazee wenzake.

Basi akaanza. Kila asubuhi, watoto wakishakunywa, alibeba chupa kumi mpaka kwa hoteli za barabarani, na kabla ya saa sita pesa imekuwa unga ama sukari. Alijifunza kupima unga kwa kikombe. Aliacha soda. Nilimwona siku moja amesimama mbele ya chupa ya soda dukani kama mtu anayeagana na ndugu, kisha akanunua kibiriti. Mwaka uliofuata, gunia zima la mahindi lilisimama kwenye kona ya nyumba yake, na karo ya msichana wake ilikuwa imelipwa.

Gunia hilo ndilo lililomletea damu.

Mwanaume aliyezoea nyumba tupu, akiikuta imejaa, anafikiria jambo moja tu. "Ni nani amekujazia nyumba?" Simel akamwuliza.

"Ni maziwa. Niulize bei ya chupa nikwambie."

Hakuuliza. Mtu aliyekula ekari ishirini, kipande baada ya kipande, atawezaje kuamini chupa kumi za maziwa? Akachomoa simi, upanga wake wa kiunoni, akalipasua gunia kutoka juu mpaka chini, mahindi yakamwagika hadi kwenye moto. Seleyian alipoinama kuyakusanya, akamkanyaga mkono. Kisha akachukua rungu. Alimpiga mgongo, akampiga jicho, na alipojikinga akamvunja mkono wa kushoto. Watoto walikuwa nyuma ya nyumba, wameziba masikio.

Akiwa bado amesimama juu yake, akamwambia lililomleta. Alikuwa amepata mtu wa kununua ekari sita za mwisho, zile ambazo boma lenyewe limejengwa juu yake. Jumanne bodi ya ardhi ingekaa Kajiado, na bodi haipitishi shamba la familia mpaka bibi aseme kwa mdomo wake kwamba amekubali.

"Utasema ndiyo," Simel akamwambia, "ama nitakuzika humo kabla sijauza."

Ilikuwa Jumapili. Nimetoka kanisani, githeri ya mahindi na maharagwe inachemka jikoni, nikamwona Seleyian anakuja na watoto watatu, mkono unaning'inia kama si wake. Nikawaingiza, nikafunga kwa komeo. Hata hajakaa, rungu ikaanza kulia mlangoni.

"Fungua, wewe mama sabuni! Umemfundisha bibi yangu kuwa mwanaume!"

"Hii nyumba ni ya Mungu na ya bwana yangu, marehemu Kyule," nikamjibu. "Wewe hukualikwa na yeyote kati yao."

"Huyo Kyule wako amekufa!"

"Na bado ananilinda kukushinda wewe unayepumua."

Mbao zikapasuka. Akaingia na mguu kwanza, rungu ikanipata begani, nikaanguka magotini. Akanipita, akamshika Seleyian nywele, akaanza kumburuta juu ya watoto. Sikuomba. Niliomba baadaye. Wakati huo nilisimama na sufuria ya githeri, mikono inaungua, nikamwagia yote miguuni. Alilia kama fahali anayechomwa alama. Alitoka akiruka, ngozi ya miguu imebaki kwenye viatu.

Usiniulize kama nilitubu. Nilitubu. Lakini yale yalikuwa mahindi yangu ya mwisho ya mwezi, watoto walilala njaa siku hiyo, na hilo ndilo liliniuma zaidi.

Jumanne mimi na Seleyian tukaenda Kajiado. Tulipoingia ofisini kesi ilikuwa imeanza. Simel alikuwa mbele ya meza, miguu imefungwa matambara, na kando yake mwanamke amevaa shuka na shanga za Seleyian.

"Wewe ndiye bibi ya Simel?" mwenyekiti alikuwa anamwuliza.

"Ndiyo."

"Umekubali shamba iuzwe?"

"Mzee, ngoja!" nikaita. "Bibi yake ni huyu hapa."

Watu wakageuka wakamwona Seleyian, jicho moja limefunga, mkono umefungwa kwa leso yangu.

"Huyo simjui," Simel akasema. "Ni mwendawazimu wa sokoni."

Mwenyekiti akavua miwani. "Sasa niko na mabibi wawili na shamba moja. Mama, wewe unasema nini?"

Kabla Seleyian hajafungua mdomo, Simel alimrukia, akaushika ule mkono uliovunjika, akaukunja, akampigiza kichwa kwenye mlango mara mbili. Askari wawili walimvuta, naye bado anatupa mateke na miguu yake ya vidonda. Damu ilikuwa ukutani na sakafuni.

"Sema ndiyo, Jane!" akamfokea yule mwanamke. "Nimekulipa!"

Jane, ambaye baadaye nilisikia alikuwa anauza pombe kwenye baa huko Kiserian, akarudi nyuma hatua moja.

"Uliniambia bibi yako alikufa," akasema. Akapiga magoti karibu na Seleyian. "Dada, ni yeye amekufanya hivi?"

"Ni yeye. Na hiyo shamba ndiyo watoto wangu wanalala. Mimi sijakubali."

Jane akavua shanga, moja baada ya nyingine, akaziweka kwenye mapaja ya Seleyian. Akatoa kifuani noti alizolipwa, akaziacha mezani mbele ya mwenyekiti. Akampita Simel pale alipobanwa na askari, akatoka nje.