Pumzi Moja ya Mkaa

Usiku wa kuamkia leo niliota nipo kazini, kwenye maabara yetu ya kupima umri wa vitu vya kale. Mezani kimekaa kipande cha mkaa, cha mwisho kutoka jiko la kale lililofukuliwa kilimani. Kinatetemeka.

"Shikamoo," nakiambia, maana kinauzidi umri ukoo wetu wote.

"Marahaba, Bi Riziki. Mkinichoma nitatoa pumzi moja tu, na umri wangu umo humo. Ikiharibika, nimepotea."

Pumzi hiyo lazima ikaushwe maji kwanza. Waombaji wa kazi ni wawili. Kalsiamu Kloraidi, chumvi ya kunyonya maji, mweupe mwenye kiherehere, anaivamia ndoo ya maji ya majaribio, anakunywa, anakunywa, mpaka naye anageuka maji na kutiririka chini ya mlango.

"Nimeshinda," inasema sakafu iliyolowa.

Silika yeye ni chembechembe za bluu. Akilewa maji hugeuka pinki, kisha huokwa mpaka arudi bluu. Anakunywa kwa staha, habadiliki rangi. Ghafla tupo saluni, naye yuko chini ya draya, aokwe kabla ya kazi. Bosi wangu, Dokta Kilembe, anamvuta kutoka kitini.

"Bado bluu huyu! Haokwi mtu mpaka awe pinki. Ndiyo sheria yangu."

Silika anacheua. "Mee."

Nikakumbuka. Jana alikausha pumzi ya mfupa wa mbuzi, mbuzi wa sikukuu iliyopita!

"Nilimeza kidogo," anakiri, anatazama pembeni.

"Dokta!" nikapiga kelele. "Bluu inatoa habari za maji tu! Haisemi amemeza nini kingine! Aokwe akitoe kwanza! Mkaa huyu, mzee wa watu, atatoka na umri wa mbuzi!"

"Bluu ni bluu, Bi Riziki," akasema, akiwasha kiberiti.

Mkaa ukaanza kulia. Damu ilinichemka. Miaka yote namwambia, miaka yote ananijibu hivyo hivyo! Nikamrukia, nikamnyang'anya Silika, nikakaza ngumi.

Nikaamka. Ngumi bado imekazwa. Nilipoifungua, kiganjani mlikuwa na chembe moja ya bluu.

Mkaa wa kweli unachomwa kazini asubuhi hii. Nikaisogeza chembe sikioni.

"Mee," ikasema, kwa aibu.

Chai sikunywa. Nilivaa viatu nikaenda kumzuia Dokta na kiberiti chake.