Shemeji Anaingia Pangoni

Duka la kukodisha vifaa vya kupiga mbizi lilipofunguliwa, shemeji wa mwongozaji wa wapiga mbizi alikuwa ameshafika. Aliketi kwenye benchi la mitungi ya hewa, maji yakimchuruzika hadi sakafuni. Alikuwa amekufa tangu mwezi uliopita. Mwenye duka alimwomba asogeze miguu, maana deki ilikuwa imeshapigwa.

Pango lenyewe liko chini ya maji, mdomo wake mpana, na mwanga wa nje huonekana hadi ndani. Kwa hiyo dukani walisema kwamba mzamiaji wa starehe mwenye cheti hahitaji mwongozaji. Hawakusema kwamba pezi moja la mguuni likigusa tope la chini, maji huchafuka, mwanga ukapotea, na asiye na kamba ya kumrudisha hajui tena mlango uko wapi. Mwongozaji wa duka alilijua hilo fika. Lakini siku shemeji yake alipomwomba waingie pamoja, yeye alikuwa amejilaza, uvivu umemkolea.

"Wewe ni mtu wa nyumbani bwana, nikuongoze kama mgeni? Ingia tu, mwanga utauona."

Jioni, maiti ilipotolewa pangoni, alimwambia mkewe kwamba kaka yake aliingia bila kumuaga mtu.

Sasa kila asubuhi mke alileta taulo, akamfuta kaka yake kichwa huku akimgombeza.

"Ubishi wako huo! Ungemsubiri shemeji yako ungepungukiwa nini?"

Marehemu alimtazama mwongozaji, kisha akasema, "Nisamehe, dada."

Mwongozaji aliinamia mtungi na kujifanya anakagua valvu. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Wakaingia wageni wawili, mtu na mkewe, vyeti mkononi. Wakauliza kama pangoni watahitaji mwongozaji. Mwenye duka akamtazama mwongozaji. Mke wa mwongozaji naye akamtazama. Kujibu ndiyo kungetaka maelezo, na maelezo yangefika hadi kwenye kifo cha shemeji. 

"Hapana," akasema. "Mwanga unaonekana."

Shemeji akainuka, akatungua kamba ukutani, akawafuata wageni. Nao wakamshukuru, wakampisha mlangoni.

"Unaona?" mke akamwambia mumewe, akikamua taulo. "Siku hizi ubishi umemwisha."

Mwongozaji akaitikia kwamba ndiyo, umemwisha kabisa.