Sura Iliyoingia Uwanjani

Jenoveva alikuwa akimsuuza mteja nywele, Jumamosi asubuhi, sura yake ilipomtoka. Alihisi kuwashwa kidogo mashavuni, kama ngozi inavyowasha dawa ya nywele ikikaa kupita muda wake. Akainua macho kwenye kioo, akaona mwanamke mwingine aliyevaa gauni lake: nyusi zimechongwa nyembamba kama uzi, ngozi laini, midomo ya mtu asiyekaa juani. Mteja, kichwa kikiwa bado kwenye beseni, akamtazama kutokea chini na kumuuliza kama ameuza tiketi.

"Sijauza," Jenoveva alisema.

Akamalizia kusuuza, akamfunga mteja taulo, akamketisha kwenye drayeri, akamwomba amwangalizie saluni. Halafu akavuka barabara ya stendi, upepo wa Same ukimpulizia vumbi kwenye macho ambayo hayakuwa yake.

Siku hizo watu wengi mjini walikuwa wakitembea na sura za wengine, na sababu yake ilijulikana. Lukasi, mwanamuziki aliyezaliwa Chome, juu kule milimani karibu na msitu wa Shengena, alikuwa anakuja kuimba nyumbani kwa mara ya kwanza tangu apate jina. Kamati ya tamasha ilipanga bei ndogo, ili mkulima wa tangawizi na mkata mkonge wote waweze kuingia. Ila kamati ilijua pia kwamba tiketi ya bei ndogo haikai mkononi mwa mnyonge. Walanguzi wangezinunua zote na kuwauzia wageni wa Moshi na Dar es Salaam kwa bei ya ng'ombe. Kwa hiyo ikatunga sheria: kila tiketi iandikwe jina la mnunuzi na kubandikwa picha yake, na mlangoni aingie yule tu ambaye sura yake inalingana na picha.

Muhidin, aliyekuwa akilangua chochote kinachopita stendi, aliisoma sheria hiyo ukutani mpaka mwisho. Alisema haoni kosa lake. Mtu akinunua tangawizi huko juu akaiuza Moshi kwa faida, anaitwa mfanyabiashara. Iweje akinunua kiti aitwe mwizi? Siku iliyofuata alimkutanisha mzee Tumainieli, mwenye tiketi na nyumba inayovuja, na daktari mmoja wa Moshi, mwenye fedha na asiye na tiketi. Tiketi ilipopita kutoka mkono hadi mkono, sura zilipita nayo. Daktari aliondoka na makunyanzi ya Tumainieli, na Tumainieli akaenda kuchagua mabati akiwa na uso wa daktari. Watu waliuliza kama inauma. Tumainieli alisema haiumi, inawasha kidogo tu, na kwamba wimbo utamalizika siku hiyohiyo lakini bati atalala chini yake miaka. Muhidin aliwaeleza wote kwamba tamasha likiisha kila sura itarudi kwa mwenyewe. Baada ya hapo bei ya tiketi ikapanda zaidi, kwa sababu sasa mlanguzi alikuwa akiuza vitu viwili.

Jenoveva alikataa kila aliyemfuata. Wengi walimfuata, maana sura yake ilikuwa na thamani kuliko nyingine zote. Wimbo uliompa Lukasi jina ulimhusu msichana wa Chome mwenye mwanya na kidoti chini ya jicho, aliyeimba naye kwaya kanisani na kuahidi kumsubiri, na Same nzima ilijua msichana huyo ni nani. Lukasi aliteremka kwenda Dar es Salaam wakiwa vijana, akasema atatuma habari. Watu walidhani Jenoveva hakumsubiri, kwa kuwa aliolewa na Method, mwenye duka la vipuri vya pikipiki, na wimbo wenyewe ulisema hivyo. Ukweli ni kwamba alisubiri mpaka mama yake akaona aibu kwenda gulioni. Hakutaka kumrudia Lukasi. Alitaka tu kumwambia jambo hilo moja, kwa mdomo wake, akimtazama. Kwa ajili hiyo alipanga foleni tangu alfajiri, na tiketi yake akaiweka chini ya godoro, upande anaolala yeye.

Alimkuta Method anakula makande. Method alinyanyuka nusu, kama mtu anayempisha mgeni, akasema karibu. Kisha akalitambua gauni, akaketi tena.

"Umeiuza," Jenoveva alisema.

"Nimeiuza."

"Ilikuwa na jina langu."

"Ilikuwa ndani ya nyumba yangu." Method alisukuma sahani mbele. Hakuwa na shida ya fedha na hakujifanya anayo. "Kila wimbo ule ukipigwa hapa mjini, watu hawaitazami redio, Jenoveva. Wananitazama mimi. Nimetazamwa hivyo tangu siku ya harusi. Ulitaka nikusindikize mpaka mlangoni, halafu nisimame nje nikisikiliza anavyokuita?"

Jenoveva alimuuliza aliyenunua ni nani. Method alisema hamjui. Muhidin alikuja na mwanamke wa Dar es Salaam anayeitwa Blessing, hawakukaa. Jenoveva akaosha mikono, ingawa hakuwa amekula, akatoka kwenda kwa mwenyekiti wa kamati.

Mwenyekiti alikuwa mzee Eliaichi, mwalimu mstaafu, mtu mwadilifu ambaye hakuwahi kunywa hata soda ya kamati. Siku Jenoveva alipokuja kuulizia tiketi kwa sura yake mwenyewe, alijibiwa akiwa amesimama mlangoni. Leo, alipomwamkia shikamoo, mzee aliitikia marahaba kwa sauti ya chini, akampangusia kiti na kuagiza aletewe maji baridi. Jenoveva alieleza yote. Eliaichi alisikiliza hadi mwisho, na uso wake ulionyesha kweli anasikitika.

Alisema sheria inamlinda Jenoveva, na ndiyo maana ilitungwa. Ila Jenoveva ambaye sheria inamjua ni yule wa kwenye picha. Malalamiko yakiletwa na sura hiyo, atayapokea sasa hivi.

"Sura hiyo imeibwa, mzee wangu," Jenoveva alisema.

"Basi mwenye nayo ndiye aje," Eliaichi alisema kwa upole. "Kwa hii uliyovaa, mama, hapa wewe ni mgeni wetu."

Akamsindikiza mpaka barabarani, jambo ambalo hakumfanyia mtu wa Same hata mara moja.

Tamasha lilianza mchana huohuo, kwa kuwa kamati ilitaka liishe kabla ya giza ili watu wa milimani wawahi magari. Jenoveva alikwenda akasimama nje ya uzio wa uwanja. Hakuwa peke yake. Walikuwepo wengi waliouza, wamekuja kusikiliza kwa mbali, na kwa hiyo nje ya uzio palijaa madaktari, mameneja na wake za wafanyabiashara, wamevaa kandambili na mashati yaliyopauka. Askari walikuwa wakiwasogeza nyuma kwa heshima kubwa. Waliwaita waheshimiwa, wakawaomba radhi kwa vumbi, na hawakumruhusu hata mmoja kuingia.

Ndani, viti vilikuwa vimejaa watu wa Pare. Kwa sura, walikuwa Chome yote na vijiji vya jirani, wamekaa vizuri, wanapiga picha. Lukasi alipopanda jukwaani alishika kichwa kwa mikono miwili. Alisema kupitia spika kwamba amezunguka nchi nyingi na kila mahali alikoimba wanaokaa mbele ni watu wenye nafasi. Leo, kwa mara ya kwanza, anawaona mbele wale waliomlea: babu Tumainieli aliyemfundisha kuchunga, mama wa gengeni, mzee wa kanisa. Alilia machozi ya kweli. Nje ya uzio, Tumainieli alikuwa akimsikiliza na uso wa daktari wa Moshi. Alitikisa kichwa taratibu akasema kijana anakumbuka vizuri, ni kweli alimfundisha.

Kisha Lukasi akauanza ule wimbo. Katikati yake akanyamaza, akaweka mkono juu ya macho kukinga jua, akasema jina la Jenoveva.

Jenoveva aliye nje alishika uzio. Alijiona akinyanyuka kwenye safu ya pili, akipita kati ya magoti ya watu, akipanda ngazi. Skrini kubwa iliyokuwa kando ya jukwaa ikaukuza uso ule mpaka kidoti chini ya jicho kikawa kikubwa kama sahani. Hakuwahi kujiona kwa mbali. Sura yake alikuwa akiijua kwenye kioo cha saluni tu, nyuma ya kichwa cha mteja, imechoka, inatafuta msuko uliopinda. Hii hapa ilikuwa imeinuliwa juu, imepakwa wanja, inacheka kwa mwanya wote. Ilikuwa nzuri. Alitambua kwamba ilikuwa hivyo miaka yote, na kwamba mtu mwingine ndiye aliyekuwa akiitumia siku ilipotazamwa.

Akashikwa na wivu. Alikuwa amewahi kuonea wivu majirani, dada zake, na wanawake wenye saluni za vioo vikubwa, na huo aliujua namna ya kuumeza. Huu haukumezeka. Aliichukia ile pua, ambayo ilikuwa ya mama yake. Aliyachukia mashavu. Lukasi alipoinama kulinong'oneza lile sikio na uso wake mwenyewe ukageuka kumjibu, alitamani uso ule uanguke chini uchubuke, ingawa alijua michubuko itamrudia yeye.

Wale wa jukwaani walisemezana mbali na kipaza sauti. Lukasi aliuliza jambo. Ule uso ukajibu jambo fupi. Lukasi akatabasamu kama mtu aliyekanyagwa kwenye umati asiyetaka kuonyesha, kisha akageukia bendi.

Mtu alimgusa Jenoveva bega. Alikuwa Method. Alikuwa amefunga duka akaja, na alikuwa amesimama nyuma yake muda wote. Macho yake yalikuwa mekundu, na hayakuwa kwake, yalikuwa kwenye skrini.

"Twende nyumbani," alisema.

"Nenda wewe," Jenoveva alimjibu kwa mdomo wa mwanamke wa Dar es Salaam. "Mke wako yuko kule juu."

Method hakuondoka. Wakabaki pale kwenye uzio, yeye akimwonea wivu Lukasi, Jenoveva akijionea wivu mwenyewe, mpaka jua likaingia upande wa nyika na spika zikazimwa. Hapo sura zikarudi. Wale mameneja wa kwenye uzio wakawa tena wakulima, na askari wakaacha kuwaita waheshimiwa, wakawaambia watawanyike. Jenoveva alijishika uso. Ulikuwa na poda nzito na harufu ya marashi asiyoyajua, na misuli ya mashavu ilimuuma kwa kucheka.

Jumapili Method alitia fedha zote za tiketi katika kapu la sadaka. Baada ya misa, waumini waliokuwa wameona picha kwenye simu walimzunguka Jenoveva kumpongeza. Walisema alipendeza sana pale jukwaani, na kwamba sasa hata Lukasi ameona alichokosa. Jenoveva aliwashukuru mmoja mmoja. Method alisimama kando, anasubiri, amevua kofia.

Jumatatu kamati ilikutana. Mzee Eliaichi alitangaza kwamba hakuna tiketi hata moja iliyolanguliwa, kwani kila sura iliyoingia ililingana na picha, na watu wa nje waliojaribu kuingia walizuiwa wote getini. Wajumbe walipiga makofi. Iliamuliwa kwamba mwakani, ili kukaza zaidi, itachukuliwa pia alama ya dole gumba. Muhidin, aliyekuwa amekaa nyuma kabisa, aliuliza kama ni la mkono mmoja au yote miwili. Akajibiwa, akaandika jibu, akashukuru.

Jumanne asubuhi mwanamke aliingia saluni na begi la safari. Jenoveva aliitambua sura kabla ya kuangalia mwili, maana alikuwa ameivaa. Blessing naye alimtambua, akatabasamu kidogo kama watu waliowahi kupanga chumba kimoja kwa nyakati tofauti. Alikuwa amepanda mpaka Chome kuona msitu, nywele zimejaa vumbi, na basi lake la Dar es Salaam lilikuwa linakuja. Aliomba aoshwe na kubanwa tu.

Jenoveva alimwosha. Alipima joto la maji kwa kiganja, kama kwa mteja yeyote. Alipofika kwenye kukausha ndipo alipouliza.

"Alikuambia nini?"

"Aliuliza kwa nini sikumsubiri."

"Ukamjibu nini?"

Blessing alifikiri, kwa nia njema ya kukumbuka sawasawa. "Sikujua habari zenu, dada. Na bendi ilikuwa inangoja. Nilimwambia sikuwahi kumpenda. Niliona ndilo jibu fupi."

Jenoveva aliendelea kukausha. Akachana, akabana, akamwonyesha kisogo kwa kioo kidogo. Blessing alisema amependeza, akalipa, akavuka barabara na begi lake.

Method alimwona kutokea dukani. Alikuja haraka, mikono ina grisi, akasimama mlangoni mwa saluni asiingie. Hakuwa amelala tangu Jumamosi, na alikuwa amekonda kwa siku hizo chache kama mtu aliyetoka hospitali.

"Yule ndiye," alisema. "Alikueleza? Uso wako ulimjibu nini yule bwana?"

Jenoveva alikuwa anafagia nywele sakafuni. Jibu ambalo lingempa mume wake usingizi alikuwa nalo, maneno mawili tu, na hayakuwa ya kweli, na hayakuwa yake.

"Kamuulize aliyenunua," alisema.

Method aligeuka akakimbia kuelekea stendi. Basi lilikuwa limeshatoka, limeshika barabara ya Hedaru, na vumbi lake lilikuwa bado halijatua.