Dakika Saba Nyuma ya Pazia

Siku ile Mutheu alipoliweka chini gitaa lake la besi na kushuka jukwaani, hakuwa anaigiza. Alikuwa amekasirika kweli kweli.

Ilikuwa Jumamosi mchana, katika ukumbi mmoja wa Ruiru, na maikrofoni zilikuwa zimetegwa kila pembe kwa sababu bendi ilikuwa ikirekodi albamu mbele ya watu. Bendi ni ya Wanyoike, mpiga dramu. Jazi yao imechanganyika na roki, na mkono wa Wanyoike ukipanda wote wanapanda naye. Wimbo wa tatu alikuwa ameutunga Mutheu, na walikuwa wameelewana kwamba katikati besi isikike peke yake. Zamu yake ilipofika, hakuwahi kupiga hata noti tano. Wanyoike alimwangukia kwa dramu kama mvua ya mawe juu ya mabati. Mutheu akamtazama. Wanyoike alikuwa amefumba macho.

Basi akatoka. Nyuma ya pazia alivaa sweta, akaketi juu ya kreti la soda, akatafuta maneno ya kuiaga bendi. Huko mbele Wanyoike, aliposikia besi imenyamaza, alipunguza mwendo, akagonga ukingo wa dramu pole pole kama mtu anayebisha hodi, kisha akapandisha, akapandisha, hadi ukumbi mzima ukasimama. Dakika saba. Gurjeet, mpiga kinanda, ndiye aliyekuja kumshika mkono.

"Rudi tumalize tu, Mutheu. Tukimaliza uende."

Akarudi. Watu walipiga kelele utadhani amefufuka.

Albamu ilipotoka, kipande hicho ndicho kilichowateka watu. Unasikia viatu vya Mutheu vikigonga mbao akiondoka, halafu dramu zinaanza kumwita. Wengine walisema ni mapenzi, wengine wakasema ni baba na binti. Kila walikoalikwa, watu walingoja wimbo wa tatu ili wamwone akitoka. Naye akawa anatoka. Wiki baada ya wiki anaweka gitaa, anashuka, anasimama nyuma ya pazia akihesabu dakika, anarudi, anashangiliwa.

Alijaribu kuhama. Kiongozi wa bendi moja ya Githurai alimpokea vizuri, akamkaribisha chai, kisha akamuuliza, "Na kwetu utakuwa ukitoka wimbo wa ngapi?"

Mwishowe alimfuata Wanyoike mwenyewe. "Baba Kui, nataka tuupige huu wimbo vile niliutunga."

"Watu wametoka mbali kuona ukiondoka, mama."

"Mimi niliondoka kwa sababu ulinifunika."

"Najua," Wanyoike alisema, akikaza ngozi ya dramu. "Ningejua itakuwa hivi, ningekufunika mapema."

Hakusema kwa ubaya. Hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Jumapili moja alasiri walipiga huko Ngoingwa, kwenye bustani ya hoteli. Wimbo wa tatu ulipofika katikati, Mutheu hakutoka. Alisimama pale pale akaendelea kupiga. Wanyoike alifumbua macho, akamwangalia, na kwa mara ya kwanza akashusha mikono, akabakiza toazi moja likinong'ona. Alimwachia nafasi yote. Lakini watu hawakumwachia.

"Toka!" mmoja alipaza sauti akicheka. Meza ya pili ikadakia. Punde bustani nzima ilikuwa ikiimba, "Toka! Toka! Toka!" na besi yake haikusikika hata masikioni mwake mwenyewe.

Mutheu alichomoa waya. Hakuliacha gitaa. Alipita nalo jikoni, katikati ya akina mama waliokuwa wakimenya viazi, akatokea mlango wa nyuma, akapanda boda boda hadi kwake, mtaa wa Landless. Njiani alicheka peke yake, upepo ukimtoa machozi. Nimetoka, alijiambia. Leo nimetoka.

Asubuhi simu ilimwamsha. Alikuwa Wanyoike, sauti imekauka.

"Mutheu! Nimepiga dakika ishirini na mbili nikikungoja. Watu wamelia, wengine wamekataa kwenda nyumbani. Ile ya kukataa kwanza uliitoa wapi?"

"Baba Kui, mimi nimeacha bendi."

"Hayo maneno," Wanyoike alisema taratibu, "utayasema kwa maikrofoni. Ukatae kwanza, useme hivyo, halafu uchukue gitaa. Mazoezi Jumanne, saa nane, Ruiru."

Siku nzima ile Mutheu hakuligusa gitaa. Alifua, akapika githeri, akampigia Gurjeet ili amsikie tu akimwambia asirudi. Gurjeet akamuuliza kama angeweza kupiga na watu wa kiwango cha chini baada ya kupiga na yule mzee. Mutheu alikata simu, kwa kuwa alilijua jibu.

Jumanne saa saba alikuwa kwenye steji ya matatu, gitaa mgongoni. Mwanamke mwenye kuuza maparachichi alimkazia macho.

"Si wewe ndiye yule msichana wa kuondoka?"

"Ni mimi."

"Na sasa unaenda wapi?"

"Kazini," Mutheu akasema, akapanda gari la Ruiru.