Kurasa Nane za Mwisho

Usiku wa kuamkia leo niliota nimeitwa sinema nikamshushe Sajini Luhende kwenye kamba.

Vijana wa siku hizi hawamjui. Luhende ni shujaa wa riwaya za Mzee Maganga Kitundu, zile za majasusi na magendo zilizopita nyumba hadi nyumba pale Tabora mpaka majalada yakachanika. Dada yangu Zuwena alikuwa akinisomea kwa sauti, sura moja kila jioni, uani, huku akichambua mchele. Nilikuwa na miaka kumi, na sijapata raha ya namna ile tena. Baadaye riwaya zikatengenezwa filamu. Sikwenda kuona hata moja, na nilikuwa na sababu.

Basi naingia ukumbini. Kwenye pazia Luhende ananing'inia juu ya mto Malagarasi. Mamba chini yake wamekwisha kuzeeka, wawili wanasinzia.

"Shikamoo, mama," ananiambia.

Enzi zile yeye ndiye aliyekuwa mtu mzima. Sasa mimi nina hamsini na mbili, yeye bado ana thelathini na moja. Nikaitikia marahaba, moyo ukaniuma.

"Uko hapo tangu lini, mwanangu?"

"Tangu ukurasa wa mia moja thelathini na sita. Samahani, siwezi kukupa mkono."

Kamera ikakohoa. Ilikuwa imesimama majini kwa miguu yake mitatu. "Filamu hufuata kitabu," ikasema. "Kitabu tulichopewa kimeishia hapo. Kurasa nane hazipo."

"Nasikia mimi nimeandikwa kukatika," kamba ikadakia, "ila sijui ukurasa gani. Nimechoka."

"Muulizeni mwandishi," nikajitetea. "Mimi msomaji tu."

Mzee Kitundu amekaa juu ya mwamba, taipureta mapajani, anavua samaki kwa utepe wake wa wino. Hata hageuki. "Vitabu ishirini na tatu, binti yangu," anasema. "Vyote vilitoka kwangu na miisho yake. Kama huu umepotea, umepotelea nyumbani kwa mtu."

Wote wakanitazama, mamba nao.

Nikatafuta mlango nitoke. Mlango ukanitoa uani kwetu Tabora. Zuwena yuko kwenye mkeka, ana miaka kumi na tisa, hina ya harusi haijamkauka mikononi. Luhende sasa ananing'inia kwenye kamba ya kuanikia nguo, amekunja miguu asiguse ungo wa mchele.

"Mizi," dada ananiita, "kurasa ziko wapi?"

Kwa miaka arobaini na miwili sikuwahi kumwambia mtu. "Nilizichoma jikoni, dada. Ulisema tutamaliza kitabu kwanza, ndipo uolewe uende Kigoma. Nikaona kisipoisha, hutaondoka."

"Ulizisoma kabla ya kuzichoma?"

"Hapana. Niliogopa zingeisha."

Hakukasirika. Alipuliza hina yake. "Hakikuisha, na mimi niliondoka vilevile."

"Ndiyo, dada."

"Nilikutafuta stesheni mpaka treni ikaondoka."

"Nilijificha chooni."

"Najua. Nililia mpaka Urambo."

Hilo sikulijua. Nikakaa mkekani nikalia na mimi, na Luhende akatazama pembeni kwa adabu.

Zuwena akafunua kitabu pale palipobaki vipande vya karatasi kwenye mshono, akaanza kusoma. Anasoma kama zamani, anashusha sauti kwenye hatari na kunikazia macho nisisinzie. Kamba inalegea polepole, haina haraka, inamshusha sajini hadi chini. Anaomba radhi kwa kuukanyaga mchele.

"Akaletewa chai ya tangawizi," Zuwena anasoma.

Sajini anapokea kikombe kwa mikono miwili. Anapuliza. Ndipo nikaamka.

Kulikuwa kumepambazuka na simu inalia. Ni Zuwena, kutoka Kigoma. Siku hizi ana wajukuu saba, na huwa hapigi simu kabla ya saa nne. Sauti ilikuwa imemkauka hata nikadhani ni mtu mwingine.

"Unaumwa, dada?"

"Siumwi. Nimeamka nayo hivi." Akashusha sauti. "Mizi, uliondoka mapema. Aliomba kikombe cha pili."