Bampa Lililopauka

Majirani walimwita Mzee Wakubwa, kwa sababu hakuna jambo ambalo hakuwatwisha wakubwa. Mvua ikichelewa, wakubwa. Goti likimuuma, wakubwa. Ila kwa hili la gari la marehemu mkewe, hata asiyempenda angemkubalia: walivunja banda lake eti wapanue barabara, barabara yenyewe haikupanuka hata kidole, na gari likabaki linachomwa na jua tangu mwenyewe azikwe. Bodi ilikuwa nyekundu bado. Lakini plastiki zote nyeusi, bampa la mbele na la nyuma, vifuniko vya vioo vya pembeni, ukanda wa chini ya milango, zilikuwa za kijivu kama midomo ya mgonjwa.

Siku hiyo binti yake alikuwa anakuja kuliangalia. Akilipenda, atalichukua la kwendea kazini. Asipolipenda, mumewe alishasema liende kwa wauza spea wakalichinje.

"Walichinje!" Mzee alinung'unika peke yake. "Kama kuku."

Akachukua kopo la dawa ya viatu na brashi, akapaka kila penye kijivu mpaka bega likamwaka moto. Gari likang'aa. Alikuwa amesimama kulitazama, mikono kiunoni, shemeji yake alipoingia na begi la vifaa. Huyu alikuwa mdogo wake marehemu, fundi bomba, mwenye mdomo usiolala.

"Shemeji, gari linakwenda kuposa?"

"Limerudi ujanani. Wivu tu."

"Uliliosha kwanza?"

"Nililipangusa."

"Haya. Umelipaka vumbi dawa ya viatu."

Kabla hajajibu, binti akaingia, na gauni lake jeupe la unesi, katoka zamu moja kwa moja. Akamkumbatia baba, akaketi ukingoni mwa bampa la nyuma alegeze kamba ya kiatu. Aliposimama, gauni lilikuwa na baka jeusi upana wa sahani.

"Baba!"

"Dawa za viatu za siku hizi hizo! Wakubwa wanaachia takataka zinaingia nchini..."

"Na brashi walishika wakubwa?" shemeji akauliza.

Binti hakucheka. Alitazama gauni, akatazama bampa, pale alipoketi kijivu kimechungulia tena. "Baba, labda mume wangu yuko sahihi. Limechoka."

"Limechoka nje tu, mama. Ndani likiguswa linawaka..." Akaketi juu ya ndoo, akajifanya anasafisha kucha.

Shemeji alimwona. Akaleta maji na sabuni ya unga, wakasugua weusi wote wa uongo mpaka ukaisha, wakakausha. Kisha akavuta waya wa umeme, akatoa kwenye begi mashine ya hewa moto anayokunjia mabomba. "Usigande mahali pamoja, plastiki itachemka. Pitisha tu, kama unapiga pasi hariri."

Mashine ikanguruma. Pale hewa ilipopita kijivu kilikimbia, weusi ukapanda kutoka ndani ya plastiki yenyewe. Binti akagusa, akatazama kidole. Kisafi.

"Lete," Mzee akasema, akaishika mwenyewe.

Akaenda vizuri mpaka pembe ya bampa la nyuma. Hapo palikuwa na mkwaruzo mrefu, wa siku mkewe alipokuwa anajifunza kuendesha, akaparuza nguzo ya geti. Hewa moto ilipougusa, manyoya ya plastiki yakaanza kulala, mkwaruzo ukaanza kuzibika. Mzee akaondoa mkono kama aliyeungua.

"Endelea, shemeji, panafutika vizuri hapo."

"Basi."

"Pabaki kijivu?"

"Nimesema basi!"

Binti akachuchumaa, akatia vidole ndani ya mkwaruzo.

"Nilikuwa kiti cha nyuma siku ile," akasema. "Mama alishuka akasema nguzo imesogea."

"Ilisogea," Mzee akasema. "Niliiona kwa macho yangu."

Binti akafuta uso kwa mkono wa gauni. "Nipe funguo, baba."

"Na mumeo?"

"Mume wangu ana lake. Hili ni langu."

Akaingia, akawasha. Likawaka mara moja. Akaanza kurudi nyuma kuelekea getini, na Mzee akamtangulia kinyumenyume, mashine bado inanguruma mkononi, waya unamfuata, akipaza sauti mtaa mzima usikie:

"Kata kulia! Kata tena! Nguzo hiyo iko mbali, usiiogope. Njoo, mama. Njoo!"